Jinsi ya Kuchagua Mtaa wa Kulala Lisbon: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Msafiri anayekwenda Lisbon kwa siku tatu au nne kwa kawaida huanza kwa kutafuta hoteli yenye picha nzuri, kisha hulinganisha bei, na mtaa wenyewe huja kuutazama baada ya kulipa. Katika kazi yangu ya kupanga safari za familia na vikundi vidogo kutoka Dar es Salaam na Nairobi, huwa ninawaomba wateja wageuze mpangilio huo. Mji mkuu wa Ureno umejengwa juu ya vilima, na nyumba mbili zinazoonekana jirani kwenye ramani zinaweza kutenganishwa na ngazi mia moja. Kinachoamua kama mgeni atafurahia siku zake ni ile safari fupi ya mwisho, kutoka kituo cha metro hadi mlangoni, kwa sababu ataifanya kila siku, na mara nyingi akiwa amechoka.

Hatua ya 1: Orodhesha unakokwenda kabla ya kutafuta unakolala

Andika maeneo unayotaka kuyaona kisha uyawekee alama kwenye ramani ya simu. Kwa wageni wengi orodha huwa na kasri la São Jorge na vichochoro vya Alfama, uwanja wa Praça do Comércio ulio kando ya mto Tejo, eneo la Belém, siku moja ya kwenda Sintra kuona makasri ya mlimani, na pengine nusu siku ya pwani ya Cascais. Belém ina uzito wa pekee kwa msomaji wa pwani yetu, kwani ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos limo kaburi la Vasco da Gama, yule aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498.

Ukishaweka alama, utaona kwamba safari nyingi zinaanzia sehemu mbili. Treni za Sintra huondoka kituo cha Rossio na huchukua takriban dakika arobaini. Treni za Cascais, ambazo husimama pia Belém, huondoka kituo cha Cais do Sodré, na tramu namba 15 ya Belém hupita hapo hapo. Vituo vyote viwili viko kwenye mstari wa kijani wa metro, na jambo hilo peke yake limeshapunguza nusu ya kazi ya kuchagua.

Hatua ya 2: Chagua mstari wa metro, kisha utafute mtaa ulioko juu yake

Metro ya Lisbon ina mistari minne inayotambulika kwa rangi, na hufanya kazi kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 7:00 usiku. Mstari mwekundu unaanzia uwanja wa ndege, ambao uko ndani ya jiji lenyewe, unapita Oriente, unakutana na wa kijani kwenye kituo cha Alameda, kisha unaishia Saldanha na São Sebastião. Wa kijani unashuka kutoka Alameda kupitia Arroios, Anjos, Intendente, Martim Moniz, Rossio na Baixa-Chiado hadi Cais do Sodré. Wa bluu unaunganisha São Sebastião na Restauradores, Baixa-Chiado, Terreiro do Paço na Santa Apolónia.

Ninapendekeza mgeni akae umbali wa kutembea kwa dakika saba au nane kutoka kituo kimojawapo cha mstari wa kijani, au kutoka Saldanha na São Sebastião. Ukiwa na masanduku na watoto, kubadilisha treni mara moja kunavumilika, lakini mara mbili, baada ya kuunganisha ndege Dubai au Istanbul, ni adhabu.

Usiihesabu tramu namba 28 kama usafiri wako wa kila siku. Inatoka Martim Moniz, inapita Graça na Alfama hadi Campo de Ourique, na njia yake inavutia kweli, lakini hujaa watalii tangu asubuhi na wezi wa mifukoni wanaijua vizuri.

Hatua ya 3: Pima mlima

Hatua hii ndiyo ninayotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu ramani ya kawaida huonyesha umbali bila kuonyesha mwinuko. Weka kituo cha metro kama mwanzo wa njia na anwani ya nyumba kama mwisho wake, chagua kutembea kwa miguu, kisha tazama kiasi cha kupanda kinachoonyeshwa pamoja na njia. Mita kumi au kumi na tano ni jambo la kawaida Lisbon. Ikizidi mita thelathini, na una sanduku la kilo 23 au mzazi mwenye maumivu ya magoti, tafuta nyumba nyingine hata kama hiyo ina roshani inayotazama mto.

Baada ya hapo soma jina la barabara, maana anwani za Lisbon zinasema mengi. Anwani inayoanza na Escadinhas, kama Escadinhas de Santo Estêvão kule Alfama, ni njia ya ngazi, na hakuna teksi itakayokufikisha mlangoni. Calçada mara nyingi ni barabara inayopanda kwa ukali. Beco ni kichochoro, ambacho mara nyingi hakipitiki kwa gari. Avenida na Praça kwa kawaida huwa mahali papana na tambarare zaidi. Kisha fungua picha za barabarani kwenye ramani na utembee kwa kidole kutoka kituoni hadi mlangoni, ukitazama kama kuna ngazi, kama njia ya waenda kwa miguu ina upana wa kupitisha sanduku, na kama mlango uko karibu na baa.

Zingatia pia kwamba sehemu kubwa ya njia za miguu imetandikwa mawe madogo ya chokaa yaliyong'arishwa na nyayo za watu wa miaka mingi. Mvua ikinyesha, hasa kati ya Novemba na Februari, mawe hayo huteleza, na kwenye mteremko unahitaji kiatu chenye soli inayoshika.

Kuna misaada miwili ambayo haigharimu chochote na ambayo inaweza kubadilisha uamuzi wako. Ngazi za umeme za kituo cha Baixa-Chiado hukupandisha kutoka mtaa wa chini wa Baixa hadi Largo do Chiado, mlima mzima, bila kupanda treni. Upande wa pili wa bonde kuna lifti ya umma ndani ya jengo la Rua dos Fanqueiros inayotokea Rua da Madalena, na mbele kidogo, kwenye jengo la soko la zamani la Chão do Loureiro, kuna nyingine inayokupeleka karibu kabisa na kasri. Usiweke matumaini hayo kwenye vigari vya kamba vya mlimani: kile cha Glória, kilichokuwa kikipanda kutoka Restauradores kuelekea Bairro Alto, kilipata ajali mbaya tarehe 3 Septemba 2025, watu 16 wakapoteza maisha na huduma ikasimamishwa. Panga safari yako kana kwamba vigari hivyo havipo.

Hatua ya 4: Uliza mtaa unavyokuwa usiku

Bairro Alto mchana ni mtaa mpole wa nyumba ndogo zilizofungwa madirisha. Usiku, hasa kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi, wateja wa baa husimama na vinywaji vyao barabarani hadi usiku wa manane kupita, na kuta za nyumba hizo za kale hazizuii sauti. Hali ni hiyo hiyo kwenye Rua Nova do Carvalho karibu na Cais do Sodré. Anayesafiri kwa ajili ya maisha ya usiku atapapenda. Mwenye mtoto mdogo asilale hapo kwa bei yoyote. Alfama huwa na utulivu zaidi, ingawa nyumba za muziki wa fado huendelea hadi usiku, na usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Antonio, mtaa mzima hugeuka karamu ya dagaa wa kuchoma, muziki na umati. Mimi ningemshauri mtu aende kuishuhudia, kisha arudi kulala kwingine.

Hatua ya 5: Linganisha mitaa kwa mahitaji yako

Kwa anayefika mara ya kwanza, bila watoto wadogo, na anayetaka kutoka mlangoni akajikuta katikati ya mji, Baixa na maeneo ya Rossio yanafaa. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755, sehemu hii ilijengwa upya chini ya usimamizi wa Marquês de Pombal kwa mitaa iliyonyooka, na ni tambarare kuliko sehemu nyingine yoyote ya mji mkongwe. Kasoro yake ni bei, na mikahawa inayoita wapita njia kwa menyu zenye picha. Kwa chakula, sogea mitaa michache pembeni.

Kwa familia, chaguo langu la kwanza ni eneo la Saldanha na São Sebastião. Picha zake hazimsisimui mtu, kwa kuwa ni barabara pana, majengo ya karne ya ishirini na ofisi. Lakini unapanda mstari mwekundu uwanja wa ndege na kushuka karibu na mlango wako bila kubadilisha treni, majengo mengi yana lifti, njia ni tambarare, lipo duka kubwa lenye supamaketi juu ya kituo cha São Sebastião, na bustani za Gulbenkian ziko karibu kwa watoto kukimbia. Kutoka São Sebastião hadi Restauradores ni vituo vinne. Kwa Waislamu kuna faida nyingine: Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, uko jirani na Praça de Espanha, mwendo mfupi kutoka hapo.

Anayetaka chakula cha halali kila siku atazame pia Mouraria, Martim Moniz na Intendente. Mouraria ndio mtaa ambao Waislamu waliwekwa baada ya mji kutekwa na Wakristo mwaka 1147, na leo Rua do Benformoso ina maduka ya Wabangladeshi, mabucha ya halali, viungo na mikahawa ya biriani ambayo mtu wa Zanzibar au Mombasa hatahisi ugeni ndani yake. Malazi huwa nafuu kuliko Baixa, na mstari wa kijani uko miguuni pako. Baadhi ya kona zake hazipendezi usiku, kwa hiyo tafuta nyumba iliyo karibu na barabara kuu ya Avenida Almirante Reis, badala ya iliyo ndani ya vichochoro vya mlimani.

Alfama ninaipendekeza kwa wenzi wenye miguu imara na begi la mgongoni. Tetemeko halikuuangusha mtaa huu kama lilivyofanya Baixa, ndiyo maana vichochoro vyake bado vina umbo la kale. Kaa sehemu ya chini, karibu na Santa Apolónia au Terreiro do Paço. Graça, juu zaidi, haina metro kabisa.

Campo de Ourique ni mtaa tambarare wa wenyeji, wenye soko zuri, na unamfaa anayerudi Lisbon mara ya pili. Oriente inafaa kwa usiku mmoja wa mwisho tu, na Belém ipo kwa ajili ya kutembelewa, kwani jioni hubaki kimya.

Hatua ya 6: Soma tangazo la malazi kwa makini

Kwanza, ghorofa. Wareno huhesabu ghorofa ya kwanza kuanzia juu ya ile ya chini, ambayo huandikwa R/C, kwa hiyo ghorofa ya nne bila lifti ni ngazi za ghorofa nne kamili. Kama lifti haikutajwa kwa maandishi, chukulia kwamba haipo, na umwandikie mwenyeji kumuuliza. Pili, fleti ya kukodisha kwa wageni inapaswa kuwa na namba ya usajili yenye herufi AL. Isipoonekana kwenye tangazo, achana nayo. Tatu, uliza kuhusu joto. Nyumba nyingi za kale hazina mfumo wa kupasha joto, na Januari mgeni kutoka pwani yetu ataumia ndani ya nyumba kuliko nje, huku unyevunyevu ukimwandama hadi kitandani. Kwa Julai na Agosti ulizia kiyoyozi. Nne, tafuta ndani ya maoni ya wageni maneno kama kelele, ngazi na baridi, na uyape uzito kuliko nyota walizotoa.

Ongeza kodi ya utalii kwenye hesabu yako. Tangu Septemba 2024 ni euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, kwa wenye umri wa miaka 13 na zaidi, hadi usiku saba. Wazazi wawili na watoto wawili walio chini ya umri huo, kwa usiku nne, watalipa euro 32 juu ya bei ya chumba.

Hatua ya 7: Weka nafasi kwa namna inayokubaliana na viza

Watanzania na Wakenya wanahitaji viza ya Schengen, na ombi lake hudai uthibitisho wa malazi pamoja na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Kwa hiyo mtaa uamuliwe mapema, kabla ya kujaza fomu, na nafasi iwekwe kwa masharti yanayoruhusu kufuta bila gharama hadi viza itoke. Ombi linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, na halipaswi kuchelewa kuliko siku kumi na tano kabla. Ukiunganisha Lisbon na nchi nyingine ya Schengen, omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi.

Hatimaye linganisha anwani yako na saa za ndege. Wenyeji wengi hupokea wageni kuanzia saa tisa alasiri, hivyo kwa ndege inayotua asubuhi hakikisha hoteli itakutunzia mizigo. Na kama ndege ya kurudi inaondoka kabla ya saa tatu asubuhi, metro haitakuwahisha, kwa kuwa inaanza saa 12:30. Usiku huo wa mwisho lala Oriente, vituo vitatu tu kutoka uwanja wa ndege, au mahali ambapo teksi inaweza kusimama mbele ya mlango.