Somo: Tundu lenye mimea hai kwa kinyonga wa kufuga

Vipimo vya somo hili ni vya kinyonga wa Yemeni (Chamaeleo calyptratus) aliyekomaa, yule mwenye kilemba kichwani. Tundu moja, kinyonga mmoja. Wawili wakionana kutwa, hata wasipopigana, mnyonge huacha kula.

1. Tundu. Upana sm 60, kina sm 60, kimo sm 120, pande zake za wavu ili hewa ipite. Maji yakikutana na hewa iliyotuama, fangasi huota na mapafu huugua. Liinue juu ya meza, maana kinyonga anayetazamwa kutoka juu huishi kwa hofu. Sakafu iwe tupu, itobolewe, na sinia iwekwe chini yake kukinga maji.

2. Mimea. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo ianze wiki mbili kabla mnyama hajaja. Osha kila jani juu na chini, kung'uta udongo wa zamani, kisha panda upya kwenye udongo usio na mbolea ya chembechembe. Ondoa pia zile punje nyeupe nyepesi zinazochanganywa kwenye udongo wa vyungu, kwa sababu kinyonga huzirushia ulimi na kuzimeza. Funika uso wa chungu kwa mawe makubwa kuliko kichwa chake.

Ficus benjamina na Schefflera arboricola zinafaa kuwa nguzo. Potosi, mmea wa kutambaa wenye majani mapana, ipite katikati. Hibiskasi ikipata mwanga wa kutosha huliwa maua na majani. Kinyonga wa Yemeni hula majani kweli, basi usiweke mmea uliopuliziwa dawa. Ficus ikihamishwa hupukutisha majani. Usiing'oe, huchipua tena.

Sukuma vyungu viwili pamoja upate kichaka kizito upande mmoja, upande wa pili uwe wazi. Simama mbele ya tundu: ukiona ukuta wa nyuma wote, mimea haijatosha.

3. Matawi. Yalaze, mengi kuliko unavyodhani, unene kuanzia kidole cha mwisho hadi kidole gumba. Yafunge kwenye fremu, wala si kwenye wavu, kwani wavu huchanika. Tawi la kuotea joto likae mahali ambapo mgongo wa kinyonga utakuwa sm 20 hadi 25 chini ya taa. Akikaribia zaidi ya hapo, kilemba huungua.

4. Taa. Mrija wa T5 HO (taa ndefu nyembamba yenye mwanga mkali) wenye UVB, yaani miale isiyoonekana kama ile ya jua, ya asilimia 6, uliolazwa juu ya wavu, pamoja na balbu ya joto. Pima joto pale mgongo utakapokuwa: nyuzi 29 au 30. Saa 12 za mwanga, kisha giza kamili. Hata balbu nyekundu izimwe. Mrija badilisha kila mwaka, hata kama bado unawaka, kwani UVB hupungua kabla ya mwanga.

5. Maji. Nyunyizia kwa muda wa dakika 2, kabla taa hazijawaka na tena baada ya kuzimwa. Mchana weka chombo cha kudondosha tone moja moja juu ya jani pana. Tone likining'inia kwenye ncha ya jani na kumeta, kinyonga huliinamia na kulinywa. Kati ya vipindi hivyo majani yakauke kabisa. Usiku unyevu uongezwe tu kama joto limeshuka chini ya nyuzi 20. Unyevu wenye joto huleta homa ya mapafu.

Maswali ya wanachama

*Kwa nini nisimwekee bakuli la maji tu?*
Maji yaliyotulia vinyonga wengi hawayatambui, na bakuli huchafuka haraka. Tazama kinyesi: sehemu yake nyeupe ikigeuka rangi ya chungwa, maji hayamtoshi.

*Potosi imekuwa ya njano na udongo unanuka.*
Chungu kimekaa ndani ya maji. Kiinue juu ya vigae, hakikisha kina matundu, na usimwagilie mpaka kidole kikiingizwa sm 3 kitoke kikavu. Mara nyingi maji ya kunyunyizia yanatosha.

*Tundu liko dirishani, bado nahitaji UVB?*
Unahitaji. Kioo huzuia UVB, ila joto hupenya, na tundu linaweza kuwa tanuri.

*Jike wangu hajawahi kukutana na dume, lakini anashuka na kukwaruza sakafu.*
Ana mayai. Jike hutaga hata bila dume. Mpe leo hii beseni la sm 30 kwa 30, lenye kina cha sm 25 hivi za mchanga uliooshwa na udongo, lenye unyevu kiasi kwamba shimo la kidole halibomoki. Funika tundu kwa shuka umwache. Akikuona wakati anachimba, huacha shimo. Asipopata pa kutagia mayai hubaki tumboni na yanaweza kumuua. Akilegea au akifumba macho mchana kabla hajataga, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.