Baga za bata mzinga kwa anayepunguza uzito: somo la jikoni, Tanga

Somo hili limetokana na maswali ya wanakikundi wetu wa mapishi hapa Ngamiani, ambao baadhi yao wameshauriwa na madaktari wapunguze uzito, na katika kutafuta kitoweo kitakachowafaa wakakutana na sifa nyingi za baga ya bata mzinga. Sifa hizo zina ukweli, lakini ni ukweli wenye masharti. Hakuna nyama inayompunguza mtu uzito kwa jina lake. Mwili hupungua pale unapopata nishati pungufu ya ile unayoitumia, na baga hii husaidia katika hesabu hiyo iwapo ngozi imeondolewa, mafuta yamepimwa kwa kijiko, na vile vinavyoandamana nayo sahanini havikurudisha kwa mlango wa nyuma kile kilichotolewa kwa mlango wa mbele.

Nianze na jina, kwa kuwa limewapoteza wengi. Bata mzinga si bata. Ni ndege mwenye asili ya Amerika, na yumo katika ukoo mmoja na kuku na kware. Kwa hiyo anayemwogopa akidhani ana mafuta kama bata wa kawaida anamwonea bure. Gramu 100 za kidari chake kibichi, bila ngozi, zina kalori zipatazo 115 na protini gramu 23 hivi, ilhali mafuta hayafiki gramu 2. Nyama iyo hiyo ikisagwa pamoja na ngozi na mafuta yake, kalori hupanda hadi 180 au zaidi. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nipendelee kusaga mwenyewe kuliko kununua iliyokwisha kusagwa.

Mahitaji kwa baga 5

Utahitaji gramu 350 za kidari na gramu 150 za paja, zote bila ngozi. Kidari peke yake hukauka kikawa kama kadibodi, na paja ndilo linalotia ulaini bila kuongeza kalori za kutisha. Ongeza kitunguu maji kimoja cha wastani, kikombe kimoja cha kabichi iliyokatwa laini sana, oti gramu 30 (kama vijiko vikubwa 5), ute mweupe wa yai moja, mtindi mzito vijiko vikubwa 2, punje 3 za kitunguu saumu, kipande kidogo cha tangawizi, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, pilipili manga na fungu dogo la kotimiri. Chumvi ni robo tatu ya kijiko cha chai kwa baga zote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na kiasi hiki kinampa kila mlaji chini ya gramu 1. Mafuta ya kupikia ni kijiko kikubwa kimoja kwa kikaango chote, wala si kimoja kwa kila baga.

Hatua ya kwanza: kupata nyama na kuiandaa

Bata mzinga si nyama ya kila siku katika masoko yetu, kwa hiyo njia iliyo rahisi ni kuagiza kwa mfugaji, kisha nyumba mbili au tatu zigawane, maana ndege mmoja ana nyama ya kuwatosha wengi. Ukinunua iliyogandishwa na kusagwa, soma maandishi ya kwenye pakiti: ikiwa ngozi imetajwa, au mafuta yamezidi asilimia 10, hiyo haikufai kwa kusudi hili.

Ondoa ngozi yote pamoja na mafuta ya manjano yaliyojificha chini yake. Hapa nitapingwa, lakini sina budi kusema: usiioshe nyama ya ndege chini ya bomba. Najua tulivyolelewa, na najua kwamba kwa bibi zetu nyama isiyooshwa kwa ndimu ilikuwa aibu ya nyumba; hata hivyo, maji yanayoruka husambaza vijidudu kama salmonela kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo karibu, na kinachoviua ni moto. Ukiona manyoya au damu, futa kwa karatasi ya jikoni, uitupe, kisha osha mikono kwa sabuni. Ndimu itie baadaye kwa ajili ya ladha.

Hatua ya pili: kusaga

Wengi hupeleka nyama buchani isagwe, na hilo si kosa, ila mashine iliyotoka kusaga nyama ya ng'ombe hubakiwa na mafuta yake tumboni, na mafuta hayo yatatoka pamoja na nyama yako. Mwombe muuzaji aisafishe kwanza. Nyumbani, kata nyama vipande vyembamba, viweke kwenye friza kwa dakika 30 vikakamae bila kuganda, ndipo usage au ukatekate kwa kisu kikali juu ya kibao. Nyama iliyopoa hukatika vizuri, na katika joto letu la Januari na Februari ubaridi huo ni kinga pia, kwa maana nyama mbichi haitakiwi kukaa mezani zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, zaidi ya saa moja.

Hatua ya tatu: mboga na oti

Loweka oti ndani ya mtindi kwa dakika 10. Kikune kitunguu, ukiweke pamoja na kabichi katika kitambaa safi, ukamue kama unavyokamua nazi, lakini si hadi tone la mwisho. Unyevu unaobaki ndio utakaofanya kazi ambayo mafuta hufanya katika baga ya kawaida.

Hatua ya nne: kuchanganya

Changanya nyama na vitu vyote isipokuwa chumvi. Chumvi itie mwishoni, muda mfupi kabla ya kufinyanga, kwa sababu ikikaa ndani ya nyama iliyosagwa huyeyusha protini zake na kuzinatisha, na baga hutoka ngumu yenye kudunda kama soseji. Kwa sababu iyo hiyo, changanya kwa ncha za vidole, tena upesi. Huu si unga wa chapati.

Hatua ya tano: kufinyanga

Gawa mafungu 5, kila moja la gramu 130 hivi. Lainisha viganja kwa maji, tengeneza mviringo wenye unene wa sentimita 2, kisha bonyeza kishimo kidogo katikati kwa kidole gumba, ili baga isivimbe kama andazi inapoiva. Ziweke kwenye jokofu kwa nusu saa zishikamane.

Hatua ya sita: kupika

Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi, nami ilinishinda. Mara ya kwanza niliziweka juu ya jiko la mkaa uliokuwa umewaka barabara, nikajivunia rangi yake, na wageni walipokata wakakuta katikati ni nyama mbichi. Tangu siku hiyo sipiki nyama ya ndege kwa kuitazama rangi ya nje.

Tumia kikaango kizito au chuma cha chapati. Ukitumia mkaa, ngoja ufunikwe na jivu jeupe, kisha punguza vipande kadhaa. Ukitumia gesi, weka moto wa wastani. Paka mafuta yale ya kijiko kimoja, yakipata moto panga baga, uziache bila kuzigusa kwa dakika 5 hadi 6. Zikijiachia zenyewe, zigeuze mara moja, funika, upike dakika nyingine 5 au 6. Usizikandamize kwa mwiko, kwa kuwa sauti ile ya kuvutia ya mchuzi unaochemka chini ni sauti ya unyevu uliouhangaikia tangu hatua ya tatu ukipotea.

Nyama ya bata mzinga huwa salama joto la katikati yake likifika nyuzi 74 za Selisiasi. Rangi hudanganya pande zote mbili: yaweza kuwa nyeupe kabla ya kuiva, na yaweza kubaki na uwaridi ilhali imeiva. Kipimajoto cha chakula ni kifaa kidogo, na kikundi kinaweza kuchangishana kikanunua kimoja. Asiye nacho apasue baga iliyo nene kuliko zote, ahakikishe mvuke mkali unatoka na maji yake hayana wekundu, kisha aziache juu ya moto mdogo dakika mbili zaidi.

Hatua ya saba: kupakua

Kwa hesabu yangu, baga moja iliyopikwa hivi ina kalori karibu 180 na protini gramu 23 hivi. Sasa tazama majirani zake. Skonzi moja ya gramu 60 ni kalori kama 160. Kijiko kikubwa kimoja cha mayonezi hufika 90 au zaidi. Soda ya mililita 350 inakaribia 140, na sahani ya kawaida ya chipsi huvuka 500 bila taabu. Mtu aliyekula vyote hivyo amekula zaidi ya kalori 1,000, na baga anayoisifia au kuilaumu imechangia chini ya moja ya tano.

Mimi hutumia upande mmoja tu wa skonzi, au jani pana la kabichi ya Lushoto lililochovywa katika maji yanayochemka kwa dakika moja likalainika. Badala ya mayonezi, chuja mtindi kwa kitambaa, utie kitunguu saumu, ndimu, pilipili mbichi na kotimiri. Pembeni weka kachumbari nyingi, na chungwa la Muheza lililwe kwa nyama zake badala ya kukamuliwa juisi.

Maswali ya wanakikundi

Shikamoo mwalimu. Huku Chumbageni bata mzinga sijampata kabisa. Je, kuku anafaa?

Marahaba, mwanangu. Anafaa sana. Kidari cha kuku bila ngozi kina kalori zinazokaribiana na cha bata mzinga, na vipimo vyote vinabaki vilevile, pamoja na zile nyuzi 74. Jodari pia anafaa, maadamu umemnunua asubuhi akiwa bado na ubaridi; mkatekate kwa kisu wala usimsage, na punguza muda wa moto, kwa maana samaki huiva upesi na akizidi hukauka.

Naomba kuuliza kuhusu kuhifadhi. Nataka kutengeneza nyingi kwa mpigo mmoja, lakini umeme unatusumbua.

Baga mbichi zikae kwenye jokofu siku 1, zisizidi 2. Kwenye friza, zikitenganishwa kwa karatasi, hukaa hadi miezi 3 au 4. Umeme ukikatika, usifungue mlango kila mara kuchungulia: friza iliyojaa huhifadhi ubaridi kwa saa 48 hivi ikiachwa imefungwa, ila jokofu la kawaida ni saa 4 tu. Umeme ukirudi, kilichobaki na barafu kinaweza kugandishwa tena. Nyama iliyoyeyuka yote na kupata joto itupwe, hata kama roho inauma.

Mwalimu, mama mkwe wangu anasema chakula hiki hakina ladha kwa sababu hakikutiwa tui, na mimi ndiye mpishi wa nyumba. Nifanyeje?

Mpe tui lake. Vijiko vikubwa 2 vya tui zito vina kalori kati ya 60 na 70. Ukivitia katika mchanganyiko badala ya mtindi, kila baga itaongezeka kalori kama 10, ambazo hazistahili kumkosesha raha mzazi. Mambo huharibika pale baga zinapotumbukizwa katika mchuzi mzito wa nazi na kuliwa na wali wa nazi. Siku hiyo mtengee yeye wake, wewe baki na kachumbari.

Nina kisukari na ninatumia dawa. Naweza kula hizi kila siku kwa chakula cha jioni?

Nyama yenyewe haina neno, lakini wewe usikate wanga kwa ghafla bila kumweleza daktari wako, kwa sababu baadhi ya dawa za kisukari hushusha sukari hata pale mtu alipopunguza chakula, na kushuka huko ni hatari. Mweleze unachokusudia kula na kiasi chake, naye arekebishe dawa ikibidi. Mwenye ugonjwa wa figo pia aulize kwanza, kwa ajili ya protini.

Shikamoo. Nimekula baga hizi wiki 3 mfululizo, mkate nimeacha, na mizani haijasogea hata kidogo. Nimekosea wapi?

Marahaba, bibie. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiko kunakotarajiwa, kwa hiyo wiki 3 bila badiliko lolote ni jambo la kuchunguza. Ulinieleza kwamba unakunywa juisi ya embe kila jioni kwa sababu ni tunda. Pima sukari unayoitia. Ulisema pia kwamba unamalizia baga walizoacha watoto, bila kuzihesabu. Lakini ninachoshuku zaidi ni mafuta. Kijiko kikubwa cha kupimia ni mililita 15, na mafuta yake ni kalori kama 120; vijiko vya kulia wali vya majumbani mwetu haviko sawa, na anayemimina kutoka kwenye dumu akisema "kijiko kimoja" mara nyingi amemimina vitatu. Jumamosi njoo na kijiko chako tukilinganishe na changu, na uje na ile glasi ya juisi pia.