SOMO: Kupunguza ukubwa wa nyaraka ulizoskani ili zipite kwenye barua pepe

Mtu anaskani kurasa sita, anapata faili la MB 45, barua pepe inalikataa, ndipo anaanza kuhangaika na programu za kubana. Somo hili linaanzia kwenye skana yenyewe, maana uzito wa faili huamuliwa pale. Kama karatasi bado unayo, iskani upya kwa mpangilio unaofaa. Utapata faili dogo na maandishi makali kuliko ukibana lile zito.

Hatua ya 1: Nukta kwa inchi

Skana haijui herufi. Inachukua nukta tu, na kila nukta inahifadhiwa. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi (kwenye mashine huandikwa dpi) una pikseli (ndizo nukta hizo) 2480 kwa 3508, yaani karibu milioni 8.7 kwa jumla. Ukipandisha hadi 600, upana unazidi mara mbili na urefu vilevile, kwa hiyo pikseli zinakuwa mara nne, karibu milioni 35. Wengi huiacha mashine kwenye 600 wakiamini wanajihakikishia ubora, kumbe kwa barua ya kawaida macho hayaoni tofauti yoyote.

Waraka wa kusomwa kwenye skrini, 150 hadi 200 inatosha. Ukiwa na herufi ndogo sana, au mpokeaji atauchapisha au kuugeuza kuwa maandishi ya kutafutika, weka 300.

Hatua ya 2: Rangi

Hapa ndipo penye nafuu kubwa, na ndipo watu wasipopagusa. Ukurasa uleule wa 300, kabla haujabanwa, hubeba karibu MB 26 ukiwa wa rangi, MB 8.7 ukiwa wa kijivu, na MB 1.1 tu ukiwa mweusi na mweupe. Pikseli ya rangi hutumia biti 24 (biti ni kipimo kidogo kabisa cha data), ya kijivu 8, ya nyeusi na nyeupe 1.

Nyeusi na nyeupe inafaa maandishi yaliyochapwa vizuri kwenye karatasi safi. Penseli, wino uliofifia au karatasi iliyochakaa vitapotea humo, kwa hiyo tumia kijivu. Rangi iweke kwa ukurasa wenye mhuri au saini ambayo mpokeaji anataka kuiona ilivyo. Si lazima waraka mzima uwe wa rangi kwa ajili ya mhuri mmoja: skani ukurasa huo peke yake, kisha uunganishe na wenzake.

Hatua ya 3: Hifadhi

Chagua PDF. Ukiulizwa ubora wa picha, chukua wa kati. Kata kingo nyeusi na uondoe kurasa tupu.

Hatua ya 4: Soma ulichopata

Fungua faili kwa ukubwa wa 100% usome kila namba: akaunti, tarehe, kiasi cha fedha. Msiiruke hatua hii, tafadhali. Mwaka 2013, Mjerumani David Kriesel alionyesha kuwa baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu kwenye nyaraka zilizoskaniwa, penye 6 ikatokea 8. Njia ya kubana iitwayo JBIG2 ilikuwa inachukua alama mbili zinazokaribia kufanana na kuzifanya moja. Ukurasa ulionekana safi kabisa, na kosa la namna hiyo haligunduliki mpaka uulinganishe na karatasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimeweka PDF kwenye zip lakini imepungua kidogo mno. Tatizo nini?
Hakuna tatizo. Picha zilizo ndani ya PDF huwa zimeshabanwa, mara nyingi kwa JPEG, na zip haipati cha kubana tena. Zip inakusaidia kukusanya mafaili mengi pamoja, si kupunguza skani.

Kikomo cha barua pepe yetu kazini ni MB 20. Faili langu ni MB 17 na bado limegoma.
Kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi za kawaida ili kisafiri ndani ya barua, na kwa kugeuzwa huko kinaongezeka kama theluthi moja. MB 17 zako zinafika karibu 23. Kwa kikomo cha 20, lenga chini ya 14.

Karatasi sina tena, nina PDF tu ya MB 38. Nifanyeje?
Pole ndugu, hapo ndipo kubana kunapofaa. Tumia programu ya Ghostscript, ni ya bure na inafanya kazi ndani ya kompyuta yako. Kwenye Linux au Mac, ukishaiweka, fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri) uandike hivi, kubwa.pdf likiwa faili lako na dogo.pdf lile jipya:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=dogo.pdf kubwa.pdf

Neno /ebook hushusha picha hadi nukta 150. Lipo pia /screen la 72, lakini sikushauri kwa waraka wa kusomwa, herufi hufifia. Faili la mwanzo usilifute.

Kuna tovuti zinabana bure, si rahisi zaidi?
Rahisi kweli. Ila unakabidhi nakala yako kwa kompyuta ya mtu usiyemjua. Tangazo la mkutano sawa. Kitambulisho, cheti, mkataba au majibu ya hospitali, hapana.

Mimi sina skana, napiga picha kwa simu.
Tumia sehemu ya kuskani badala ya kamera tupu. Kwenye iPhone imo ndani ya Notes, kwenye Android imo ndani ya Google Drive. Itanyoosha ukurasa, itakata meza na kupunguza vivuli. Vivuli na michirizi ya meza huongeza uzito wa picha kuliko maandishi yenyewe, hivyo weka karatasi penye mwanga ulioenea, dirishani mchana ikiwezekana.

Na PDF yenye saini ya kidijitali?
Hiyo usiibane. Ukiibadilisha, saini haithibitiki tena. Bana kwanza, ndipo itiwe saini. Kama imeshatiwa, itume kwa kiungo cha kupakulia.