Kabla ya MRI ya ini, mwandae mgonjwa kwa pumzi

Ini halitulii. Mtu akivuta pumzi, kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) hulisukuma chini sentimita moja, mbili au zaidi. Akitoa, linapanda tena. CT scan za siku hizi hazisumbuki sana na hilo, maana humaliza tumbo lote kwa sekunde chache. MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hukusanya data polepole, na ini likisogea kazi ikiendelea, vivuli vya ukuta wa tumbo hujipanga juu yake kimoja baada ya kingine. Kivuli kikikaa vibaya hudhaniwa uvimbe, au huuficha uvimbe wenyewe. Programu za kusafisha picha baadaye zipo, lakini mimi huanza na mgonjwa.

Mazoezi yafanyike kabla hajalala kwenye kitanda cha mashine. Ukimwambia mtu abane pumzi, mara nyingi atavuta hewa tele na kutunisha kifua. Kwa ini, abane akishatoa pumzi: hapo kiwambo hurudi karibu palepale kila mara, wakati akivuta, mara atajaza sana, mara nusu. Shida ni kwamba wengi huchoka haraka wakibana hivyo. Basi mpimie kwa saa. Hatua nyingi za kubana pumzi huchukua sekunde 15 hadi 20. Akiishia 10, ni heri ujue sasa na ufupishe kipimo, kuliko kujua dawa ya kontrasti, ile inayong'arisha picha, imeshaingia mshipani. Awamu ya ateri, yaani pale dawa inapofika kwenye ini kupitia ateri, hupita upesi na hairudiwi bila kudunga dawa nyingine.

Amri ziwe zilezile tangu mazoezini: "Vuta pumzi. Toa. Usipumue." Na "Pumua kawaida" isisahaulike, kwani wapo watiifu wanaosubiri ruhusa hadi wanaona kizunguzungu. Mashine nyingi zina sauti zilizorekodiwa, ila kwa bibi anayesikia Kisukuma tu ni kelele juu ya kelele. Mtafute wa kumfasiria mapema.

Asiyeweza kubana kabisa, kama mwenye pumu au aliyejaa maji tumboni, apumue taratibu na mashine ifuate pumzi yake, ingawa kipimo kitarefuka. Mkanda wa pumzi, unaoihisi pumzi hiyo kwa ajili ya mashine, usifungwe kwa mazoea: wengine hupumulia tumbo, wengine kifua. Weka kiganja, uone panapoinuka zaidi, ufunge hapo. Kisha tazama mstari kwenye skrini kabla ya kuanza. Uende kama mawimbi. Ukiwa bapa, fungua ufunge upya.