Namna ya kuutafuta undugu wa ndege waimbao kwa DNA na maumbile

1. Anza na ndege mwenye utata. Mfano wangu ni Modulatrix stictigula, ndege wa kahawia anayetafuta wadudu chini ya misitu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa. Mara aliwekwa katika familia ya Turdidae, mara katika ile ya Timaliidae. Tafuta jamaa wote anaodhaniwa kuwa nao, pamoja na ndege mmoja wa nje ya kundi hilo ili upate shina la mti wa undugu, yaani mchoro wa matawi unaoonyesha nani ni jamaa wa nani.

2. Andika maumbile kabla ya kuona matokeo ya DNA. Ukishalijua jibu, jicho huona linachotaka. Chunguza sirinksi, kiungo cha sauti pale koo la hewa linapogawanyika kwenda mapafuni. Vishimo vya mfupa wa juu wa bawa. Magamba ya miguu. Mdomo na ulimi usivitegemee sana, kwani chakula huvibadili upesi.

3. Sampuli. Chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini, hivyo tone moja tu lina DNA tele. Hapo hapo pana mtego: kiini hubeba nakala kuukuu za jeni za mitokondria (vijisehemu vya chembe vinavyozalisha nishati, vyenye DNA yao wenyewe), na damu hukujazia hizo. Kwa jeni ya mitokondria iitwayo sitokromu b, yenye herufi 1,143 za DNA, napendelea msuli uliohifadhiwa kwenye ethanoli. Kisha geuza herufi kuwa protini. Ishara ya kukoma ikitokea katikati, hiyo ni nakala bandia, itupe. Ongeza na jeni za kiini, kwa mfano introni (kipande cha jeni kisichogeuzwa kuwa protini) ya mioglobini, kwa sababu mitokondria hutoka kwa mama peke yake.

4. Jenga mti. Panga mifuatano ya herufi kwa programu ya MAFFT, kisha jenga mti kwa programu ya IQ-TREE. Kila jeni kwanza ipate mti wake, halafu ziunganishe. Tawi lenye butustrapu ndogo (kipimo cha uthabiti wa tawi data zinaposampuliwa tena na tena) usilitangaze.

5. Rudisha maumbile juu ya mti. DNA ilimpeleka Modulatrix kwa ndege wengine wawili, Arcanator orostruthus na Kakamega poliothorax, na jamaa wa karibu wa hao watatu ni Promerops wa kusini mwa Afrika, mnywaji wa nekta ya maua ya Protea! Mdomo wake mrefu uliopinda uliwafanya wataalamu wamhesabu pamoja na chozi, au na wanywa nekta wa Australia. Pitia sifa moja moja: je, ilizuka mara moja, au kila tawi lilijipatia yake? DNA na mwili vikipingana, fungua tena kabati la makumbusho na upime upya vielelezo vyenyewe, hasa sirinksi, kabla hujakataa upande wowote.