Kusafirisha gogogo na kambare wakiwa hai kutoka Mwanza: usikate mwiba, badili chombo

Gogogo mmoja wa sentimita 25 anatosha kuharibu boksi zima. Anatoboa mfuko wake, maji yanalowesha katoni, oksijeni inatoka, na mzigo unafika Dar es Salaam nusu ukiwa umekufa. Wengi wakiona hivyo huamua kumvunja miiba kabla ya kumfunga, kama wavuvi wanavyofanya anapojinasa kwenye makila (nyavu za kunasa samaki). Usifanye hivyo. Mwiba ni mfupa hai wenye damu na mishipa ya fahamu. Ukiuvunja unamtesa samaki, na kidonda kilichobaki ndicho mlango wa bakteria na ukungu mweupe kama pamba unaomuua wiki moja baadaye, akiwa ameshafika kwa mnunuzi.

Gogogo ana miiba mitatu: mmoja mgongoni na mmoja kwenye kila pezi la kifuani, yote ina meno kama msumeno. Akishtuka anaisimamisha, na kiungo kinajifunga chenyewe. Hatumii nguvu kuishikilia, kwa hiyo inaweza kubaki wima muda mrefu. Kambare hana mwiba wa mgongoni, ila ile miwili ya kifuani ni minene na inachoma vibaya. Sato ana miiba 16 hadi 18 mgongoni. Ni myembamba na ukifunga mifuko miwili vizuri kwa kawaida inatosha. Ushauri huu basi ni hasa wa gogogo wakubwa wanaokwenda kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, na kambare wazazi wanaokwenda kwenye vituo vya kuzalisha vifaranga.

Anza na namna alivyovuliwa. Samaki wa makila huwa ameshachubuka na kunyongwa matamvua. Nunua wa mgono (mtego), au wa ndoana aliyeumia mdomoni tu. Akinasa kwenye wavu, kata uzi. Usivute, kwa sababu kila ukivuta meno ya mwiba yanazidi kuuma nyuzi na ngozi ya chini ya mwiba inachanika. Kutoka hapo usimwopoe tena kwa wavu. Mwongoze aingie mwenyewe kwenye beseni au ndoo iliyozamishwa, kisha mnyanyue na maji yake. Hatua hii ndogo ndiyo inayookoa samaki wengi kuliko nyingine yoyote, na ndiyo inayorukwa zaidi mwaloni, samaki wanaposhushwa, kwa sababu kila mtu ana haraka.

Mweke kwenye tangi lenye kivuli, maji yanayotembea au pampu ya hewa, na vipande vya bomba vya kujifichia. Asile chochote saa 48 kabla ya safari. Mwenye tumbo tupu hachafui maji, na uchafu huo ndio unaogeuka amonia. Msimwonee huruma kwa kumpa "kidogo cha njiani". Samaki mzima mkubwa anavumilia siku mbili au tatu bila kula, lakini havumilii kuoga kwenye mavi yake mwenyewe.

Maji ya kufungia yawe yale yale aliyokuwa akikaa, yaliyochujwa. Usichote ya kijani pembeni mwa ziwa, hasa kwenye ghuba zenye magugu maji: mwani ule ukikaa gizani ndani ya boksi unakula oksijeni sawa na samaki. Ya bomba yana klorini. Yaachwe wazi na pampu ya hewa saa 24 kwanza. Jotoridi lishushwe taratibu hadi nyuzi 22 au 23. Ziwa lenyewe huwa kati ya 23 na 27, kwa hiyo si tofauti kubwa, lakini samaki aliyepoa anapumua kidogo na anatulia.

Sasa kufunga gogogo. Jambo la kulielewa ni kwamba ukiongeza mifuko bila kitu kigumu katikati, unamwongezea tu mwiba tabaka za kutoboa. Chukua dumu la lita 5 au 10, likate juu, litoboe matundu mengi ya ukubwa wa kidole pande zote, halafu pitisha kingo zote kwenye moto wa mshumaa hadi zilainike zisimkwaruze. Hicho ndicho kizimba chake. Awe na nafasi ya kugeuka, mwiba ukiwa umesimama. Tumbukiza kizimba kwenye mfuko mzito wa nailoni wa lita 25 hivi, kona za chini za mfuko zikiwa zimekunjwa na kufungwa kwa mpira. Mimina lita 8 za maji, mwingize samaki. Samaki mmoja kila mfuko, hata kama ni wadogo na mteja anabana bei. Nusu kilo ya samaki kwa lita 8 hadi 10 inavumilia saa 24.

Kamua hewa yote ya kawaida itoke, kisha jaza oksijeni hadi theluthi mbili ya mfuko iwe gesi na theluthi moja maji. Oksijeni ya mafundi wa kuchomelea inafaa. Kichwa cha mtungi na mpira wake visiguswe na mafuta wala grisi, kwani oksijeni ya shinikizo ikikutana na mafuta hulipuka. Sokota mdomo wa mfuko, ukunje, ufunge kwa mpira wa tairi mara mbili. Vika mfuko wa pili baada ya kuweka tabaka nne au tano za magazeti katikati, kisha wa tatu. Gazeti linanyonya maji yakivuja na linaonyesha mapema pa kuangalia.

Mzigo wa ndege usijazwe hadi mfuko uwe kama ngoma. Mwanza iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na shinikizo ndani ya ndege inayoruka juu linaweza kushuka hadi kulingana na lile la mita 2,400. Gesi hapo inapanuka kama moja ya sita. Mfuko uliojazwa kidogo pungufu utastahimili. Uliokaza utapasukia mahali pa fundo. Kwa basi ni kinyume: baada ya zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam unashuka karibu na usawa wa bahari na mfuko unalegea. Usihangaike ukiuona umenyong'onyea. Kama nje ni pakavu, haujavuja.

Weka mifuko kwenye lile boksi jeupe la povu gumu wanalosafirishia minofu ya sangara, likiwa safi na halinuki. Chupa ya nusu lita ya maji yaliyogandishwa, imezungushiwa gazeti, ikae juu ya mifuko upande wa nje, isiguse plastiki moja kwa moja. Jaza nafasi zote ili mifuko isigongane. Funika, giza linamtuliza. Andika pande mbili SAMAKI HAI, USIGEUZE, USIWEKE JUANI, na namba ya simu ya mpokeaji. Funga usiku au alfajiri, si saa saba mchana kwenye stendi.

Kambare mzazi ana utaratibu wake, kwa sababu anavuta hewa juu ya maji. Hahitaji oksijeni ya mtungi. Anahitaji nafasi ya hewa juu ya maji na kifuniko asichoweza kukisukuma, maana anatoroka na kutambaa. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, matundu machache juu, na lita 8 hadi 10 za maji zinazofunika mgongo, inamtosha wa kilo moja. Mmoja kila ndoo. Wazazi wawili pamoja watang'atana na kuchomana, na jike lenye mayai likiumizwa hutalizalisha tena kwa muda. Ndoo yenye matundu ni ya barabara tu. Kwa ndege ulizia shirika mapema, kwani mashirika yanafuata kanuni za wanyama hai za IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege) na hayapokei chombo kinachoweza kumwaga.

Wengine wanaweka mafuta ya karafuu kwenye maji ya safari ili samaki alale. Hatulishauri hilo. Samaki aliyezidiwa hapumui sawasawa na hakuna wa kumwona njiani. Karafuu itumike tu kumpumzisha samaki asiyepona: mililita 0.4 kwa lita moja ya maji, itikiswe kwanza kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu, aachwe humo dakika 10 baada ya matamvua kusimama. Samaki huyo haliwi, azikwe.

Ukichomwa, damu itoke kidogo, osha kwa sabuni, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 40 hadi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Pima kwanza kwa mkono mzima, si kwa uliochomwa. Kipande kikibaki ndani, au mkono ukianza kuvimba na kuwa mwekundu, nenda kituo cha afya, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Anayepokea naye ana kazi. Apunguze mwanga, auache mfuko uliofungwa uelee kwenye tangi kwa dakika 20 hadi 30 joto lilingane, kisha afungue na kumhamisha samaki mara moja. Asichanganye maji kidogo kidogo kwa saa nzima baada ya safari ndefu. Ndani ya mfuko kaboni dioksaidi imeyafanya maji yawe na asidi, na asidi inaishikilia amonia isiwe sumu. Mfuko ukifunguka gesi inatoka, asidi inapungua, na amonia ile ile inageuka sumu kali dakika hizo hizo unazodhani unamzoesha. Maji ya safari yamwagwe nje, yasiingie kwenye tangi. Samaki akae peke yake siku 14 hadi 21, apewe chakula baada ya saa 24, na kila siku akaguliwe pale mwiba unapoota.

Kabla ya yote haya, pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize kibali cha spishi unayotaka kusafirisha na mahali anapokwenda. Samaki wa ziwa hili asimwagwe kwenye mto au bwawa la bonde jingine hata akibaki bila mnunuzi. Sangara alipopandwa hapa katika miaka ya 1950 na 1960, furu wengi, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, walitoweka.