Kabla ya kuitegemea chekipointi ya klasta yako

Ukiahidi upatikanaji wa asilimia 99.999, umeahidi kwamba mfumo hautazimika zaidi ya dakika 5 na sekunde 15 hivi kwa mwaka mzima. Kununua seva ya pili hakukufikishi hapo. Katika klasta, yaani kundi la seva zinazosaidiana, kila seva huitwa nodi. Nodi iliyo kazini ikifa, ile inayosubiri lazima ijue mwenzake alikuwa amefika wapi, na hiyo ndiyo kazi ya huduma ya chekipointi. Programu huandika humo hali yake kila inapobadilika, huduma huweka nakala kwenye nodi nyingine, na anayepokea kazi husoma na kuendelea. Nazungumzia huduma iliyowekewa viwango na Service Availability Forum, muungano wa kampuni za teknolojia, ambayo utaikuta ndani ya OpenSAF, programu huria inayofuata viwango hivyo.

Amua kwanza nini kiandikwe. Usimwage memori yote ya programu. Andika kile tu ambacho mpokeaji hawezi kukipata kwingine: nani yuko katikati ya kazi, na yuko hatua gani. Igawe chekipointi katika sehemu, kila mteja sehemu yake, ili ukibadilisha habari za mmoja usiandike upya za wote. Anwani za memori na miunganisho iliyo wazi viache, havina maana kwenye mashine nyingine.

Chagua namna ya kuandika. Ukisubiri nakala zote ziandikwe, utachelewa kidogo. Ukiandika nakala kuu tu, nyingine zikafuata baadaye, utakwenda kasi, lakini nodi ikifa katikati, maandishi ya mwisho yamepotea. Panapohusika pesa za watu, subiri nakala zote.

Weka sawasawa muda wa kubaki. Chekipointi ambayo hakuna programu iliyoifungua hufutwa muda huo ukiisha, na muda wenyewe huandikwa kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Nimeona mtu ameweka 60000 akidhani ni milisekunde, yaani dakika 1. Kumbe ameipa sekunde 0.00006. Programu ilianguka, na kabla haijainuka chekipointi ilikuwa imeshafutwa.

Sasa jambo lililonichoma mimi. Tulikuwa na nodi mbili zinazohesabu muda wa simu za malipo ya kabla. Mteja akipiga, mfumo unashikilia kiasi fulani cha salio lake, kisha akikata unatoza alichotumia na kumrudishia kilichobaki. Tulitumia chekipointi ya aina ambayo nakala yake hukaa pale tu ilipofunguliwa, kwa sababu ni ya haraka. Niliandika mimi mwenyewe kwamba programu ya nodi inayosubiri itaifungua ikishapewa kazi. Nilidhani kufungua mapema ni kupoteza memori bure.

Tukafanya majaribio. Tukaiua programu mara kumi, kumi na tano, na kila mara iliamka ikakuta simu zote mahali pake. Tukapeana mikono. Hatukutambua kwamba ilikuwa inaamka kwenye nodi ileile, na nakala ilikuwa kwenye memori ya mashine hiyohiyo, mikononi mwa huduma ambayo hatukuwa tumeiua.

Wiki chache baadaye, usiku, pawasapulai (kifaa cha kulisha umeme) ya nodi ya kwanza ikaungua. Nodi ya pili ilipokea kazi ndani ya sekunde chache, kama ilivyopangwa. Ikaenda kufungua chekipointi, na haikuwepo. Nakala pekee ilikuwa imekufa na umeme. Kila aliyekuwa akiongea wakati ule salio lake lilibaki limeshikiliwa, na mfumo haukuwa na habari kwamba aliwahi kupiga. Akina dada wa huduma kwa wateja walitukanwa kuanzia alfajiri kwa kosa lisilo lao. Sisi tulikaa siku mbili tukilinganisha kumbukumbu za swichi ya simu, mtambo unaounganisha simu, mstari kwa mstari, kurudisha pesa za watu.

Kwa hiyo nodi inayosubiri iifungue chekipointi tangu inapoamka, siyo inapopewa kazi. Kisha uliza huduma nakala ziko ngapi na uone namba kwa macho yako. Ukiona 1, huna chekipointi. Na unapojaribu, usiiue programu tu. Nenda chumba cha seva, chomoa waya wa umeme simu zikiwa zinaendelea, uhesabu ngapi zimevuka.

Kumbuka nakala hizi hukaa kwenye memori, siyo kwenye diski: nodi zote mbili zikizimika pamoja, hakuna kinachobaki. Basi usizichomeke kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme) moja, wala kwenye swichi moja ya mtandao. Weka namba ya toleo mwanzoni mwa kila sehemu, maana siku ya kuboresha programu, toleo jipya litasoma yaliyoandikwa na la zamani. Angalia saa za nodi zinakubaliana. Na mabadiliko yoyote, hata ya mstari mmoja, usiyaweke Ijumaa jioni watu wakiwa wanaondoka.